Matamko 38: jinsi wenzi wawili wa briji wanavyoifikia shelemu iliyo bora

Katika mchezo wa karata uitwao briji, wenzi wawili hukaa wakitazamana mezani, na hawaruhusiwi kuambiana chochote kuhusu karata walizoshika isipokuwa kwa matamko 38 tu. Mkono wa karata 13 unaweza kutokea kwa namna 635,013,559,600. Mambo ya kusema ni mamia ya mabilioni, na msamiati ni maneno 38. Mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita jambo hili bila kuuliza: lugha ndogo namna hiyo inabebaje maana nyingi namna hiyo? Makala haya yanajibu kwa kufuata sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika mchezo huo, yaani kuchagua shelemu iliyo bora.

Briji nilijifunza nyumbani Kasongo, kwa mwalimu mstaafu wa Kifaransa ambaye mtaani sote tunamwita Papa Mwalimu. Yeye aliujua mchezo tangu ujana wake, shuleni bwenini, kwa vitabu vya Kifaransa. Mimi niliongeza mengine kwa programu ya simu. Tofauti hiyo ya shule zetu ilikuja kutugharimu, nami nitaieleza mbele.

Maneno ya mezani

Tuanze na istilahi, maana kitivo chetu hakitanisamehe nikiziruka. Majina ya karata katika Kiswahili yana asili ya Kireno. Wareno walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza ngome hiyo mwaka 1698, lakini nyuma yao yalibaki maneno: meza, bendera, leso, gereza, na pamoja nayo jamaa nzima ya karata. Karata yenyewe ni cartas, turufu ni trunfo, kopa ni copas, shupaza ni espadas, uru ni ouros, na pao ni paus.

Meza na bendera zilifika kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikafuata njia ya Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, na Kiswahili kikaja nayo. Lakini kopa na shupaza sikuwahi kuzisikia Kasongo hata siku moja. Sisi tunasema pique, cœur, carreau na trèfle, kama walivyosema Wabelgiji. Shupaza nilikutana nayo kwenye kamusi, nikiwa tayari chuoni. Hapa natumia majina ya pwani ili msomaji wa Kigoma au Mombasa asikwame. Pale ambapo sikupata neno nimeazima kutoka Kifaransa, kama tulivyozoea: chelem nimeiita shelemu. Karata kubwa kuliko zote, ile tunayoiita as, naiita ree. Zinazoifuata ni mfalme, malkia na ghulamu.

Mchezo wenyewe ni huu. Karata 52 hugawiwa watu 4. Kila mmoja hutupa karata moja kwa zamu. Karata nne zikikamilika, hiyo ni duru moja. Duru huchukuliwa na aliyetupa karata kubwa ya aina iliyoanzishwa, isipokuwa kama mtu asiye na aina hiyo amekata kwa turufu. Duru zote ni 13.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Mtu hutaja namba kuanzia 1 hadi 7 pamoja na pao, uru, kopa, shupaza au "bila turufu". Namba 7 mara majina 5 ni matamko 35. Ongeza "napita", "mara mbili" na "mara mbili tena", unapata 38. Namba hujumlishwa na 6: anayesema 4 kopa anaahidi duru 10 kopa ikiwa turufu. Kila tamko jipya lazima liwe juu ya lililotangulia, na mpangilio wa kupanda ni pao, uru, kopa, shupaza, bila turufu. La mwisho ndilo mkataba. Mkataba wa 6, yaani duru 12, ni shelemu ndogo. Mkataba wa 7, yaani duru zote 13, ni shelemu kubwa.

Sheria ya kupanda tu bila kushuka ndiyo inayoleta ugumu. Kila swali unalomuuliza mwenzako linakula ngazi. Ukiuliza sana, unajikuta juu ya paa pasipo ngazi ya kushukia.

Je, inafaa kupanda?

Mfumo wa alama tunaoutumia leo ulitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini. Alitaka tuzo kubwa impate tu yule aliyeahidi kabla ya kucheza. Ukipata duru 12 bila kuziahidi, tuzo ya shelemu huipati. Kwa hiyo mnada una uzito kuliko ustadi wa kutupa karata.

Tuhesabu, tukichukua kopa kuwa turufu na upande wetu kuwa ule wenye tuzo na adhabu kubwa. Mkataba wa 4 kopa ukileta duru 12, alama ni 680. Mkataba wa 6 kopa ukitimia, alama ni 1,430. Aliyepanda amepata 750 zaidi. Ikiwa duru ni 11 tu, aliyesimama kwenye 4 anapata 650, na aliyepanda hadi 6 anapoteza 100. Tofauti ni 750 vilevile. Faida na hasara zinalingana, basi shelemu ndogo inafaa ikiwa uwezekano wake umefika nusu.

Shelemu kubwa ni habari nyingine. Ikitimia, 7 kopa ni 2,210, na aliyesimama kwenye 6 akapata zote 13 ana 1,460: faida ni 750. Ikikosa duru moja, unapoteza 100 badala ya kupata 1,430: hasara ni 1,530. Kwa alama hizo, unahitaji uwezekano wa takriban 67 kwa 100. Katika mashindano ya timu tofauti hizo hupunguzwa kwa jedwali: 750 huwa 13, na 1,530 huwa 17. Hapo kiwango cha kuvuka kinashuka hadi takriban 57 kwa 100. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tunaweza?", mchezaji anauliza "tukikosa, tunalipa nini?"

Aina gani iwe turufu?

Vitabu humfundisha anayeanza kuhesabu pointi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Zote mezani ni 40. Kanuni ya kawaida inasema wenzi wanahitaji takriban 33 kwa shelemu ndogo na 37 kwa shelemu kubwa, wakicheza bila turufu. Tazama sasa mikono hii miwili.

Kusini ana:
Shupaza: ree, mfalme, malkia, ghulamu, 4
Kopa: mfalme, ghulamu, 7, 3
Uru: ree, 5
Pao: 8, 4

Kaskazini ana:
Shupaza: 10, 5, 2
Kopa: ree, malkia, 10, 6
Uru: mfalme, 7, 4
Pao: ree, 6, 2

Pointi ni 18 na 13, jumla 31. Kwa kanuni ya vitabu, hata shelemu ndogo haijafikiwa. Lakini hesabu duru. Shupaza ikiwa turufu, tuna shupaza 5, kopa 4, uru 2 na pao 1: jumla 12. Bila turufu, hesabu ni ileile, 12. Mtu mwenye macho ya haraka atachagua shupaza, maana ndiyo aina ndefu na nzito kuliko zote, nane kwa pamoja. Atapata shelemu ndogo, ataridhika.

Sasa fanya kopa iwe turufu. Kopa ni nne huku na nne kule. Kusini anacheza ree ya uru, kisha mfalme wa uru, kisha uru ya tatu ya Kaskazini anaikata kwa ghulamu wa kopa. Hiyo ni duru ya turufu iliyotoka mkono wa Kusini, na Kaskazini bado ana kopa nne kamili za kumaliza turufu za wapinzani. Kopa zimeleta duru 5 badala ya 4. Kwenye kopa ya nne, Kusini anatupa pao moja. Pao ya pili inafuata ree ya Kaskazini. Kisha shupaza tano zinashuka zote. Ni 5 na 5 na 2 na 1: duru 13. Shelemu kubwa imetimia, na hata kopa za wapinzani zikiwa nne kwa moja haiharibiki.

Kwa nini shupaza haikuleta hivyo? Kwa sababu ukikata kwa mkono wenye turufu tano, umetumia tu duru ambayo ungeipata hata hivyo. Aina ya nne kwa nne inapokuwa turufu, kukata upande mmoja kunaongeza duru upande wa pili, na aina ndefu ya tano kwa tatu inabaki pembeni, bado inaleta duru zake zote. Swali la kuuliza basi ni "aina gani ikiwa turufu itaongeza duru?", urefu wa aina peke yake haulijibu.

Mnada wenyewe

Kusini na Kaskazini hawaonani mikono. Wanafikaje 7 kopa? Mnada wao, wapinzani wakipita kila zamu, ni huu: 1 shupaza, 2 pao; 2 kopa, 3 kopa; 3 shupaza, 4 pao; 4 uru, 4 kopa; 4 bila turufu, 5 shupaza; 5 bila turufu, 6 uru; 7 kopa.

Tamko la 1 shupaza linasema: nina shupaza tano au zaidi, na nguvu ya kufungua. Jibu la 2 pao, kwa makubaliano ya wenzi hawa, halidai pao nyingi. Linasema "nina nguvu, endelea kueleza". Ni kama "ehe" ya msikilizaji wa hadithi. Kisha 2 kopa ni "nina kopa nne pia", na 3 kopa ni "hata mimi, turufu tumeipata". Tangu hapo maana za maneno zinabadilika. 3 shupaza haipendekezi tena kucheza shupaza: turufu imeshakubaliwa, kwa hiyo kutaja aina nyingine ni kusema "hapa wapinzani hawatatuumiza". 4 pao na 4 uru zina maana hiyohiyo kwa aina zake. 4 kopa inasema "sina la kuongeza, amua wewe".

Halafu inakuja 4 bila turufu, swali alilolibuni Mmarekani Easley Blackwood mwaka 1933: una ree ngapi? Wachezaji waliokuja baadaye walimhesabu mfalme wa turufu kama ree ya tano, na zote tano wakaziita karata za ufunguo. Jibu la 5 shupaza lina maana "ninazo mbili, pamoja na malkia wa turufu". Kusini anazo tatu: ree ya shupaza, ree ya uru na mfalme wa kopa. Tatu na mbili ni tano, zote ziko nyumbani. Anauliza kwa 5 bila turufu: wafalme wengine je? Jibu ni 6 uru: ninaye wa uru.

Hapo pana jambo la kumfurahisha kila aliyesoma Grice. Katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, Grice alionyesha kwamba msikilizaji hupata maana hata katika lile ambalo msemaji angeweza kulisema lakini hakulisema. Tamko la 6 pao liko chini ya 6 uru, na lingemtaja mfalme wa pao. Kaskazini ameliruka. Kwa kuliruka amesema kwamba hana mfalme wa pao, ingawa neno "pao" halikutajwa. Kusini sasa anahesabu duru 12 mkononi, ya 13 anaitarajia kwa kukata. Si hakika kamili, lakini imevuka 57 kwa mbali. Anasema 7 kopa.

Neno moja, maana mbili

Sasa kosa letu. Jioni moja tulicheza nyumbani kwa Papa Mwalimu dhidi ya walimu wawili waliokuja kutoka Kabambare, ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha. Nilifungua mnada, nikaonyesha mkono mzuri, tukakubaliana shupaza. Papa Mwalimu akauliza kwa 4 bila turufu. Nilikuwa na karata moja ya ufunguo. Programu yangu ya simu ilinifundisha kwamba jibu la 5 pao lina maana ya moja au nne. Nikajibu 5 pao.

Katika mfumo alioujua yeye, 5 pao ni sifuri au tatu. Alikuwa na mbili mkononi. Aliyefungua kwa nguvu hawezi kuwa na sifuri, akawaza, basi ana tatu. Tatu na mbili ni tano. Akapanda hadi 7 shupaza. Mwalimu wa kushoto alitupa ree ya uru, kisha ree ya pao, na mkataba ukafa kabla hatujagusa turufu.

"Mwanangu, umesema una tatu," aliniambia polepole.

"Hapana, Papa Mwalimu. Nimesema nina moja."

Sote wawili tulisema kweli. Hakuna aliyehesabu vibaya wala aliyetupa karata ovyo. Mifumo yote miwili iko vitabuni, na kila mmoja una watu wake. Lakini tungekuwa na maana moja tungesimama kwenye 5 shupaza, tukapata duru zetu 11, tukanywa chai kwa amani.

Wasemaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Mtu wa Kasongo akifika Kigoma akasema "bibi yangu ananingoja", anamaanisha mke wake. Wenyeji wanamfikiria nyanya mzee anayemsubiri mjukuu. Neno ni moja, lugha ni moja, sarufi haina kosa. Kilichokosekana ni makubaliano. Na hatari ya kosa hili ni kwamba halisikiki: kama Papa Mwalimu asingelielewa tamko langu, angesita. Alilielewa vizuri sana, kwa maana isiyokuwa yangu.

Muktadha pia hubeba maana. 4 bila turufu baada ya kukubaliana aina ni swali la ree. Lakini mwenzako akifungua 1 bila turufu nawe ukajibu 4 bila turufu moja kwa moja, kwa wachezaji wengi si swali hilo, ni mwaliko: "kama mkono wako uko kwenye kiwango cha juu, panda hadi 6, la sivyo, pita." Ni kama "karibu", ambayo mlangoni inamkaribisha mgeni na njiani inamwambia hajabakiza safari ndefu.

Lugha isiyo na siri

Mtu anaweza kusema: kumbe ni lugha ya siri ya watu wawili. Sivyo, na hapa ndipo sheria za briji zinapovutia zaidi. Makubaliano yote ya wenzi ni mali ya meza nzima. Mpinzani akiuliza "5 pao yake ina maana gani?", lazima ajibiwe, tena na mwenzi wa aliyetamka, kwa mujibu wa makubaliano yao. Unachoruhusiwa kuficha ni karata zako. Maana ya maneno yako huruhusiwi.

Vilevile, tamko lisiwe na kiambishi cha pembeni. Kusema "napita" kwa kuvuta sauti, kukunja uso au kusita ili mwenzako aelewe ni udanganyifu. Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia kule Buenos Aires, wachezaji wawili wa Uingereza walituhumiwa kuashiriana kwa vidole walivyoshikia karata. Shirikisho la Dunia la Briji liliwatia hatiani. Uchunguzi uliofanywa baadaye Uingereza haukuwaona na hatia. Leo katika mashindano makubwa matamko hayatolewi kwa mdomo. Huchukuliwa kadi zilizochapwa kutoka kisanduku, ili sauti isibebe kitu. Sidhani kama ipo lugha nyingine ambamo watu wamejitahidi hivyo kuondoa kiimbo na ishara, na kubakiza neno tupu.

Kesho yake Papa Mwalimu aliniita. Alikuwa ameshachukua daftari la shule. Tuliandika matamko yetu moja baada ya jingine, kwa Kiswahili, na mbele ya kila moja maana tuliyokubaliana, kuanzia 1 pao. Kwenye 5 pao tulibishana saa nzima. Hatimaye tulichukua mfumo wake, sifuri au tatu. Si kwamba ni bora, ila yeye ameuzoea miaka mingi na mimi naweza kubadilika upesi zaidi.

Kwa anayetaka kujaribu, mpangilio wetu wa maswali ya shelemu ni huu. Kwanza, aina ipi ikiwa turufu italeta duru nyingi zaidi? Pili, je, kuna aina ambayo wapinzani watatoa duru mbili za haraka? Tatu, karata za ufunguo ziko ngapi? Nne, tukikosa, tunalipa nini? Na kabla ya yote manne kuna moja linaloulizwa kabla karata hazijagawiwa, tukiwa bado tunavuta viti: mwenzangu, ukisema hivi, unamaanisha nini?

Daftari limefika ukurasa wa 11. Maneno ya shupaza na kopa tumeyaandika kwa wino, na chini yake, kwa penseli, pique na cœur.